Kupanda Milima ya Taita kwa Baiskeli Ukitokea Mombasa Bila Kugombania Barabara na Malori: Mwongozo Kamili

Wanaoshindwa na safari hii hushindwa pahali patatu, palepale kila mwaka. Wa kwanza huondoka kisiwani alfajiri wakashika barabara kuu ya Nairobi kwa baiskeli. Wakifika Mariakani trela zimeshawasukuma nje ya lami mara nne, basi hugeuza. Wa pili hufika Mwatate, mji ulio chini ya mlima, saa 6 mchana, jua la utosi, wakaanza kupanda papo hapo, na baiskeli ikaishia kusukumwa kama mkokoteni wa maji. Wa tatu hupanda vizuri, wakapiga na picha, kisha kwenye kuteremka tyubu ikapasuka au breki zikawaaga kwenye kona.

Mimi nimepita makundi yote matatu, kwa hivyo simcheki mtu.

Mwongozo huu ni wa mtu wa Mombasa mwenye baiskeli ya kawaida ya giya, anayeweza kwenda Mtwapa na kurudi bila kuumwa siku ya pili. Safari yenyewe yataka usiku tatu: mmoja Mwatate, miwili Wundanyi, mji ulio juu milimani. Wikendi yenye sikukuu Jumatatu inatosha.

## "Bila magari" huku kwetu ni nini

Milima ya Taita haina njia iliyojengwa kwa baiskeli peke yake. Ukingoja vibao na mistari ya rangi, utangoja sana. Kilichopo ni barabara zinazopitwa na gari mojamoja, na barabara hizo zina saa zake. Ukizijua saa, mlima unakuwa wako.

Asubuhi watu wa milimani huteremka Mwatate na Voi kwa kazi, biashara na hospitali. Jioni hurudi. Maana yake, ukipanda asubuhi, gari nyingi zinakujia usoni upande wa pili wa barabara, nawe unaziona. Ukipanda jioni zinakujia mgongoni zikiwa zimejaa, na dereva ana haraka ya kumaliza siku.

Kipimo changu ni hiki: simama njia panda dakika 10, hesabu kila chenye injini kinachopita. Vikizidi 5, tafuta saa nyingine au njia nyingine. Bodaboda mimi huihesabu nusu.

Uliza pia siku ya soko la Wundanyi kabla hujapanga tarehe. Siku hiyo pikapu za mboga na matatu hazipungui tangu alfajiri, na hesabu yote ya hapo juu huharibika.

## Mahitaji

Kusanya vyote hivi Mombasa. Mafundi wengi utakaowakuta juu ni wa pikipiki. Watakusaidia kwa moyo mmoja, lakini spea ya baiskeli hawana.

- Baiskeli yenye giya mbele na nyuma, tairi za upana wa inchi 1.75 hadi 2 zenye meno kiasi. Tairi nyembamba ya lami itakutesa kwenye udongo.
- Tyubu mbili mpya, viraka, gundi, pampu na vyuma viwili vya kutolea tairi.
- Seti moja ya raba za breki na waya mmoja wa breki ya nyuma, ambao ni mrefu. Ukihitajika mbele utaukata.
- Spana ya pedali, funguo za pembesita, kipande cha mnyororo cha akiba, mafuta ya mnyororo kwenye chupa ndogo.
- Kamba za blada (mpira wa tyubu kuukuu), za kutosha. Utafungia baiskeli juu ya matatu, utafungia mzigo, na siku mbaya utafungia tairi iliyochanika.
- Taa ya mbele na ya nyuma, hata kama huna nia ya kuendesha usiku. Ukungu wa Taita unaweza kufanya saa 3 asubuhi iwe kama magharibi.
- Koti jepesi la mvua, sweta, soksi kavu, fulana mbili. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6. Tumezoea feni, hatujazoea hiyo.
- Chupa mbili za maji za lita moja moja.
- Tende, kashata, njugu na pakiti ya chumvi. Mahamri ya siku ya kwanza ni mazuri. Siku ya pili yamekuwa mawe.
- Ramani iliyopakuliwa kwenye simu, ile yenye mistari ya miinuko, ifanye kazi bila intaneti. Mistari ikibanana, hapo ni pakali.
- Kofia ngumu. Sina mjadala hapa.

Usibebe mkoba mgongoni. Jasho likikwama chini ya mkoba, kiuno nacho huanza kulalamika. Funga mzigo kwenye karia, usizidi kilo 8.

## Hatua ya 1: Hesabu meno ya giya

Watu huja kwangu wakisema baiskeli ina giya 21, basi itapanda popote. Idadi haisemi kitu. Kinachosema ni meno.

Geuza baiskeli, chukua kipande cha chaki. Hesabu meno ya sproketi (duara la meno linaloshika mnyororo) ndogo kabisa ya mbele, kisha sproketi kubwa kabisa ya nyuma. Ukipata 28 mbele na 28 nyuma, kila ukizungusha pedali mara moja gurudumu nalo huzunguka mara moja. Kwa gurudumu la inchi 26 umesogea kama mita 2. Ukizungusha mara 60 kwa dakika, unakwenda kilomita 7 na kidogo kwa saa. Ni mwendo wa mtu anayewahi swala, lakini utaweza kuushika saa mbili mfululizo, na ndio unaopanda mlima.

Ukipata 42 mbele na 28 nyuma, kila mzunguko unasukuma mita 3. Magoti yatalia kabla ya kona ya tatu.

Dawa ni kumwambia fundi akutilie sproketi za nyuma zinazofika meno 32 au 34, au mbele akubadilishie yenye duara dogo. Tahadhari: akiongeza meno nyuma, lazima mnyororo nao urefushwe. Asipourefusha, siku utakapoweka kubwa la mbele na kubwa la nyuma kwa bahati mbaya, mnyororo utakaza ung'oe giya ya nyuma nzima. Mwambie aweke kubwa kwa kubwa mbele ya macho yako, azungushe pedali kwa mkono, uone mnyororo bado una ulegevu.

Utajua umefaulu ukipanda mwinuko mkali wa mtaani kwako ukiwa umekaa kitini, mwendo wa mtembea kwa miguu, bila kusimama juu ya pedali.

## Hatua ya 2: Breki, kabla ya kitu kingine chochote

Hewa ya bahari hula waya za breki kimyakimya. Nje unaona ganda zima la plastiki. Ndani ni kutu. Waya wa breki uliokaa Mombasa miaka miwili ubadilishe tu, bei yake haifiki hata nauli yako.

Kisha raba. Raba mpya ina mifereji. Mifereji ikifutika, raba imekwisha hata kama inaonekana nene. Ibane iguse rimu tu, isiguse tairi. Raba inayogusa tairi huikata taratibu na utaijua siku tairi inapopasuka.

Jaribu hivi. Simama kando ya baiskeli, isukume mbele, kamata breki ya mbele: gurudumu la nyuma linyanyuke. Kamata ya nyuma: tairi iburuzike chini bila kuzunguka. Ukivuta mpini wa breki ukagusa usukani, waya bado ni mlegevu.

Mwenye Black Mamba ya breki za vyuma, nakuheshimu, ni baiskeli iliyolea familia nyingi pwani hii. Lakini breki zake hazikuundwa kwa kilomita 15 za mteremko na mzigo nyuma. Azima nyingine.

## Hatua ya 3: Fanya mazoezi Kwale, mara mbili

Kisiwani hakuna mlima. Lakini Kwale iko karibu, na mji wenyewe umekaa juu kama mita 400 kutoka usawa wa bahari.

Jumapili asubuhi vuka Likoni kabla feri haijajaa, nenda Kombani, kata kulia kuelekea Kwale. Kuanzia hapo unapanda. Nenda na mzigo uleule utakaokwenda nao Taita, la sivyo unajidanganya. Jumapili inayofuata rudia.

Kwale inakufundisha mambo mawili: kubadilisha giya kabla ya mwinuko, na kula kabla ya njaa. Mwenye kungoja mpaka miguu itetemeke ndipo ale tende, amechelewa nusu saa.

Tahadhari: usikae huko mpaka jioni. Ndovu wa Shimba Hills hawakai ndani ya hifadhi tu kwa sababu ramani imechora mpaka. Na usiingize baiskeli hifadhini bila kuwauliza askari wa KWS, shirika la wanyamapori, langoni.

Utajua uko tayari ukifika Kwale ukaweza kukaa hotelini, ukaagiza chai na mkate, ukala kwa hamu. Ukifika ukatafuta pa kulala kwanza, ongeza wiki mbili.

## Hatua ya 4: Baiskeli ipande gari hadi Mwatate

Hapa ndipo wengi hunibishia. "Mbona nisiende kwa baiskeli kutoka nyumbani?" Kutoka Mombasa hadi Voi ni kama kilomita 150. Njiani kuna Mazeras, Mariakani, Samburu, Taru, Maungu: nyika kavu, kivuli haba, na kila tani ya shehena inayotoka bandarini kwa lori kwenda Nairobi, Uganda na kwengineko inapita hapo. Ukingo wa lami umevunjika pahali pengi. Ukitoka unaanguka, ukibaki unagongwa. Mlima unaufikia ukiwa mzima, au huufikii kabisa.

Toka Ijumaa. Tafuta matatu ya Voi au ya Wundanyi yenye karia juu. Treni ya SGR nayo husimama Voi, lakini habari ya baiskeli iulize stesheni kabla ya kukata tiketi, usizuke nayo mlangoni.

Kwenye steji, bei ya mzigo ikubaliwe baiskeli ikiwa bado chini. Ikishapanda juu, mwenye baiskeli ni makanga.

Ifungeni hivi:

1. Fungua pedali zote mbili. Ya kulia hufunguliwa kawaida. Ya kushoto hufunguliwa kinyume, kuelekea inakokwenda mishale ya saa. Wengi wameharibu uzi wa pedali kwa kulazimisha hapa.
2. Toa taa, pampu, chupa na chochote kinachochomoka. Ingia navyo ndani.
3. Ilaze upande ule usio na mnyororo, giya ya nyuma itazame juu.
4. Weka kipande cha boksi kila pahali chuma kinapogusana na chuma cha karia.
5. Funga kwa blada penye fremu, usifunge penye spoki.
6. Mwambie makanga, kwa upole na kwa jina la kazi yake, kwamba juu ya baiskeli hakuwekwi kitu. "Kondakta, nakuomba, hapa juu pasiwekwe gunia."

Hiyo ya mwisho niliijua kwa gharama. Nilifika Voi safari moja, gunia la vitunguu limelala juu ya baiskeli yangu tangu Maungu, na giya ya nyuma imekunjika kama sikio la mbuzi. Safari ikaishia kwa fundi wa Voi, ambaye alinikunjulia kwa spana na subira, akakataa nilipe zaidi ya bei ya chai. Siku hizi mimi hupanda mwenyewe kwenye karia nikaifunga.

Voi ukishuka usianze kuendesha. Badilisha gari hadi Mwatate, kama kilomita 25 hivi. Barabara hiyo ndiyo ya Taveta na mpakani Holili, ina malori, na ndovu hupita kutoka Tsavo hata mchana. Ndovu akisimama barabarani, mwenye gari hufunga kioo. Wewe utafunga nini?

Lala Mwatate. Jioni rudisha pedali, zungusha magurudumu, jaribu breki na kila giya. Kasoro inayogunduliwa jioni ina usiku mzima wa kutengenezwa.

## Hatua ya 5: Mwatate hadi Wundanyi

Ni kama kilomita 15, lami yote, na unapanda zaidi ya mita 500. Ondoka saa 12 na nusu asubuhi, kukiwa kumepambazuka. Usiondoke gizani, na usingoje chai ya saa 2.

Mwanzo wa barabara unadanganya. Ni mwepesi, mwili ni mpya, mwenzako anaongeza mwendo, nawe hutaki kuachwa. Muache aende. Utamkuta Dembwa ameshika kiuno.

Kipimo cha mwendo hakihitaji saa ya mkononi. Sema jina lako, la baba yako na la babu yako kwa pumzi moja. Ukiweza kulimaliza, uko sawa. Ukikatika kwa baba, punguza. Ukiweza kuendelea mpaka kwa baba wa babu, unazembea.

Kona ndizo kazi. Tunaendesha kushoto, kwa hivyo kona inayokata kushoto inakuweka upande wa ndani, na upande wa ndani ndio mkali zaidi. Badilisha giya mita 20 kabla ya kona, ukiwa bado una mwendo, kisha ingia. Ukibadilisha katikati ya kona huku umekandamiza pedali kwa nguvu zote, utasikia mlio kama wa sahani ikivunjika, na huo ni mnyororo.

Usikumbatie ukingo kabisa. Acha kama nusu mita kati yako na mwisho wa lami, ili ukiyumba uyumbie ndani ya barabara. Matatu hupiga honi kabla ya kona kali. Ukisikia honi kutoka juu, nyooka na shika mstari wako. Ukitaka kupumzika, pumzika baada ya kona pahali panapoonekana, kamwe usisimame kwenye kona yenyewe.

Kunywa kidogo kidogo kila robo saa. Dembwa kula tende tatu na kashata. Ukipita Josa hewa inaanza kubadilika: upepo unagusa shingo, migomba inazidi, na harufu ya vumbi la mkonge wa Mwatate umeiacha chini. Geuka mara moja utazame nyanda. Kisha endelea, maana jasho likipoa utajuta.

Kwa mapumziko na yote, hesabu saa 2 na nusu hadi 3. Umefaulu ikiwa umeingia Wundanyi kabla ya saa 4 na magoti hayaumi kwa ndani. Yakiuma kwa mbele, chini ya kifuniko cha goti, kiti chako kiko chini sana; kinyanyue sentimita moja kabla ya kesho.

Kitu cha kwanza kufanya Wundanyi, kabla ya chai na kabla ya simu nyumbani, ni kuvua fulana iliyolowa na kuvaa kavu. Mtu wa Mombasa hajui baridi ya jasho. Nimeona kijana mwenye kifua kama mlango wa Lamu akitetemeka kwenye benchi la hoteli hadi mama mwenye hoteli akamfunika leso.

Siku hiyo iliyobaki pumzika. Tembea kwa miguu sokoni, kula viazi na maharagwe, lala mapema.

## Hatua ya 6: Siku ya juu, Werugha na msitu wa Ngangao

Hii ndiyo siku uliyoijia. Kutoka Wundanyi barabara inaelekea Werugha, ikipanda na kushuka kando ya matuta ya mashamba, na msitu wa Ngangao uko upande huo, kama kilomita 10 kutoka mjini. Kuna pahali penye lami na pahali pa udongo, na hali yake hubadilika kwa msimu, kwa hivyo habari ya barabara iulize asubuhi ileile.

Kuuliza kwenyewe kuna ufundi. Ukiuliza "Barabara hii inafika Werugha?" utaambiwa ndiyo, kwa sababu kila njia inafika. Uliza hivi:

- Kwa mwenye bodaboda: "Mvua ikinyesha, mwapita huku na abiria?" Akisema abiria hushuka, jua ni pakali na pana utelezi.
- Kwa mama aliyebeba mzigo: "Nikienda kwa miguu nitafika saa ngapi?" Usiulize umbali. "Hapo tu" ya Taita ni ya mguu uliozoea mlima tangu utotoni.
- Kwa mzee aliyekaa dukani, baada ya shikamoo na habari za nyumbani: "Gari kubwa hupita huku?" Hilo ndilo jibu ulilolifuata.

Wakitofautiana, mwamini mama.

Vijia vya miguu vinavyokatiza mashambani vinatamanisha, na vingi vinapitika. Lakini ni njia za watu kwenda kisimani na shuleni. Anayetembea ana haki ya kwanza, hasa aliyebeba kuni. Wewe shuka, uweke baiskeli upande wa bondeni, umpishe. Penye matuta ya mawe shuka pia. Jiwe moja likiporomoka chini ya tairi yako, ni shamba la mtu linaloondoka na mvua ya kwanza.

Sasa udongo. Ni mwekundu, na ukikauka ni raha kuliko lami. Ukilowa, hunata kwenye tairi kama ugali wa muhogo, ukajaa kati ya tairi na bamba la matope hadi gurudumu likakataa kuzunguka. Ondoa mabamba ya matope ukiwa Wundanyi, na beba kijiti cha kukwangulia. Punguza upepo wa tairi kidogo: ukiibonyeza kwa kidole gumba iingie kiasi cha kuonekana. Mvua ikikukuta, usipigane na udongo. Keti chini ya paa la duka saa moja. Miezi ya Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba ndiyo ya mvua. Januari, Februari na Septemba ndiyo nzuri kwa baiskeli. Juni hadi Agosti panapitika, ila ukungu na baridi ni vya kila asubuhi.

Ngangao ni msitu mdogo, hekta 120 hivi, juu ya mgongo wa mwamba. Baiskeli iache kijijini kwa mtu uliyesalimiana naye, ingia kwa miguu na kijana wa huko akuongoze. Ndani kuna giza la kijani na maji yanadondoka hata bila mvua. Kuna ndege wa milima hii ambao hawapatikani kwengine duniani. Nilimwona mmoja, mwenye kichwa cheusi na ubavu wa rangi ya kutu, akipekua majani chini kama kuku wa shamba, nusu dakika tu, akapotea.

Wenye magoti na siku ya ziada watauliza Vuria, kilele kikubwa kuliko vyote Taita, mita 2,208, chenye minara ya mawasiliano juu. Njia ni ya mawe na ni kali. Nusu utasukuma. Mimi nimekwenda mara moja, na mara moja yatosha.

Rudi Wundanyi kabla ya saa 10 alasiri, kabla ya gari za jioni.

## Hatua ya 7: Kuteremka

Soma sehemu hii mara mbili, maana wanaoumia huumia hapa.

Usiteremke alfajiri. Ukungu bado umelala barabarani, lami imelowa, na gari za asubuhi zote zinateremka pamoja nawe. Ngoja saa 4. Jua limekausha barabara na abiria wa asubuhi wameshafika Voi.

Kwanza rudisha upepo wa tairi uliopunguza jana. Kaza breki tena. Siku moja ya udongo inakula raba kuliko mwezi wa Mombasa. Mzigo uliolegea ufunge upya.

Breki ya rimu inafanya kazi kwa msuguano, na msuguano ni moto. Ukiishika mfululizo kilomita tatu, rimu inapashika joto, upepo ndani ya tyubu unatanuka, gundi ya kiraka inalainika. Ndiyo maana tyubu hupasuka kwenye mteremko wala si kwenye mwiba. Mwenzangu mmoja ilimpasukia ya mbele kwenye kona ya kushoto. Aliponea kwenye mtaro wa nyasi, na hadi leo ana alama ya kiwiko.

Kwa hivyo fanya hivi. Kamata kwa nguvu kabla ya kona, ushuke mwendo, kisha achia, upite kona bila breki. Mnyooko: kamata, achia, kamata, achia. Uzito wako urudishe nyuma, makalio karibu yatoke kitini. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu, lakini penye mchanga au majani usiiguse; tumia ya nyuma. Pedali ya upande wa nje wa kona iwe chini, ya ndani iwe juu, isije ikachota lami.

Kila kilomita 2 simama. Usiguse rimu kwa kidole. Itemee mate au idondoshee maji. Ikifanya "chss", ngoja dakika 10. Wenye breki za diski nanyi mtasimama: diski ikianza kulia na mpini ukawa mlaini, imechemka.

Mwendo wako usizidi ule unaoweza kusimama ndani ya umbali unaouona. Nyuma ya kona kunaweza kuwa na ng'ombe, watoto wa shule, au matatu imesimama kushusha mtu katikati ya barabara.

Ukianguka vibaya, hospitali ya Wesu iko juu karibu na Wundanyi, na kubwa ya kaunti iko Voi. Namba ya dharura ni 112 au 999. Simu iwe mfukoni mwako, isiwe kwenye mzigo ulioruka bondeni.

Ipo njia nyingine ya kuteremkia, kupitia Mgange, Mwanda na Mghambonyi hadi Bura. Ni ndefu, ni tulivu, na kwa uzuri inashinda. Lakini inakutua kwenye barabara ya Taveta, nchi ya ndovu, kwa hivyo panga gari la kukuchukua Bura kabla hujaondoka Wundanyi. Usiijaribu safari ya kwanza.

Ukifika Mwatate vidole vya mikono vitakuwa vinauma kuliko miguu. Hiyo ni dalili nzuri, ulishika breki kwa akili.

## Hatua ya 8: Siku ya kurudi Mombasa

Baiskeli ifungwe kwenye karia kama ulivyokuja, boksi na blada zilezile. Nyumbani usiilaze ikiwa na udongo mwekundu. Udongo ule unashika unyevu, na unyevu wa Mombasa una chumvi; ukiuacha wiki, utakuta mnyororo umekuwa wa rangi moja na udongo. Ioshe usiku huohuo kwa ndoo na brashi, usitumie maji ya presha penye vitovu vya magurudumu na beringi za pedali. Ikaushe kwa kitambaa, tia tone moja la mafuta kila kiungo cha mnyororo, pangusa yaliyozidi.

Kisha tazama raba za breki. Zikiwa zimebakiza nusu, zitoe, uzifungie kwenye mfuko pamoja na tyubu ya akiba, utie mpya.